Njia Fupi ya Kwenda kwa Baba

Baba mwenyewe simkumbuki uso. Nazikumbuka buti zake, kwa sababu nilikuwa mfupi na buti ndizo zilizokuwa karibu nami. Zilikaa nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya kambini, Makindye, hapa Kampala, na mama alizisogeza kila alipofagia. Baba alipokufa nilikuwa na miaka minne. Nyumba za kambi ni za askari walio hai, kwa hiyo tulitakiwa kutoka. Tukateremka Namuwongo, karibu na reli: mama, mimi, na kaka yangu aliyenizidi miaka saba. Buti sijui zilibaki wapi. Kilichokuja nasi ni picha moja kwenye fremu ya mbao, baba amesimama kando ya ua wa kambi, kofia ameibana kwapani.

Uso wa baba ninaoujua ni huo wa kwenye picha, na habari ninayoandika ni ya picha hiyo. Naandika polepole. Niliishia darasa la saba, na kila nikifika kwenye neno lenye herufi r nasimama kwanza, naliangalia, ndipo naendelea.

Kaka alifanya kazi Wandegeya, kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, katikati ya hosteli za wanafunzi. Mwenye duka alikuwa Mkenya, mtu wa magharibi ya kwao, mwimbaji wa kwaya, ambaye Jumapili hakufungua hata kama wanafunzi waligonga mlango. Sisi tulimwita Mzee. Nilipomaliza shule ya msingi na ikaonekana wazi kwamba sitaendelea, kaka alimwomba Mzee anipokee. Nikaanza kwa kukata karatasi na kujalidi vitabu. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu unaifanya umeinama, na mtu aliyeinama hasemeshwi sana.

Kompyuta ya duka ilikuwa kuukuu. Ukifungua folda kwa kipanya, ungeweza kunywa chai nusu kikombe kabla folda haijatokea. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akijalidi kitabu chake kwetu alimwonea kaka huruma, akamwekea mfumo mwingine usiokuwa mzito, akamwonyesha dirisha jeusi ambamo unaandika amri kwa mkono badala ya kubonyezabonyeza. Halafu akamwekea programu moja ndogo sana. Jina lake lilikuwa herufi moja tu, z.

Kaka alinifundisha hivi. Ndani ya kompyuta folda zimeingiana kama vyumba vya hosteli, chumba ndani ya korido, korido ndani ya jengo. Kwenye dirisha jeusi, ukitaka kuingia chumba fulani, lazima utaje njia yote kuanzia getini. Ukikosea herufi moja, huingii. Lakini ukiwa na z, unaandika z, unaacha nafasi, unaandika kipande cha jina la folda unayotaka, na inakufikisha hapo hapo. Inajua kwa sababu inakumbuka umekwenda wapi mara nyingi.

"Ni kama yule bodaboda wa steji yetu," alisema. "Mgeni lazima amwambie, teremka, pita kanisa, kata kushoto kwenye tope. Mimi napanda tu nasema nyumbani. Ananipeleka."

"Na folda mpya?"

"Mpya haijui mpaka uende mwenyewe kwa miguu mara ya kwanza. Na ile usiyokwenda siku nyingi, inasahau."

"Folda inapotea?"

"Folda haipotei. Njia ndiyo inasahaulika. Mahali pako pale pale, ila sasa huna wa kukupeleka."

Sikufikiri sana juu ya maneno hayo. Nilifurahia kuona ninaandika herufi mbili tatu na kufika.

Tatizo la duka letu halikuwa kompyuta. Lilikuwa ulimi. Mama ni Muganda, na Kiswahili alikipata kambini kwa baba, akakiweka kwenye ulimi wa Kiganda. Kwake r na l ni ndugu wanaobadilishana nguo. Kaka alijifunza kwa mama, na mimi nikajifunza kwa wote wawili. Mzee hakuweza kuvumilia.

"Soma hapo," alimwambia kaka, wateja wakiwa wamejaa.

"Balua ya maombi ya kazi."

"Barua."

"Ndiyo, Mzee. Balua."

"Kijana, hebu niambie. Siku ya uchaguzi nyinyi huwa mnapiga nini?"

"Kula, Mzee."

"Basi ndiyo sababu mnatoka huko mmeshiba."

Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akaangusha karatasi zake. Kaka naye alicheka. Hakuwa mtu wa kuona aibu. Akasema, "Mzee, mimi r yangu ni moja tu. Naitunza ya siku ya harusi." Lakini akalitamka halusi, wakacheka upya, na Mzee akageuka upande wa printa ili tusione kwamba naye anacheka.

Siku moja Mzee alikuta kwenye kompyuta folda imeandikwa balua. Hapo hakucheka. Alisema mteja akiona hivyo atatuona wajinga. Kaka akalibadilisha jina, na tangu siku hiyo folda zote za kazi ziliandikwa sawasawa, kwa r zake na l zake mahali pake. Nilidhani ameongoka.

Mimi nilikuwa nimeongoka kweli. Nina haya, na mtu mwenye haya hutafuta njia ya kutochekwa. Asubuhi nilipopita kando ya reli nilijisemea peke yangu: reli, rangi, rafiki, sura. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Nikafika mahali ambapo mtu akisema lafiki, mimi kichwani nasikia rafiki, bila hata kujua kwamba nimemsahihisha. Mzee alinisifu mbele ya wateja. Kaka aliniita Mkenya wa Namuwongo.

"Mkenya, leta stepla."

"Niache."

"Sema lete stepla tafadhali, Mkenya, upate maksi."

Kisha ikaja mvua ile ya masika iliyojaza mfereji. Namuwongo iko chini, na maji yanajua hilo kuliko sisi. Yalipanda mpaka juu ya kitanda. Tulitoa magodoro, tukatoa masufuria, tukasahau ukuta. Tuliporudi, fremu ilikuwa imeanguka kifudifudi na maji yamekaa kati ya kioo na picha.

Mama hakulia. Aliishika kama mtu anayeshika bakuli la mchuzi uliojaa, isimwagike. Kaka akaichukua, akaitia kwenye kavera mbili za plastiki, akaenda nayo kazini ikiwa bado mbichi. Mzee alikuwa amekataza kazi za nyumbani kwenye mashine ya duka, kwa hiyo kaka alingoja Mzee aende kula, akaiweka kwenye skana. Nilisimama mlangoni kumchungia. Kwenye kioo cha kompyuta nilimwona baba ana macho, ana kofia kwapani, lakini kuanzia chini ya pua hadi kidevuni lilikuwepo doa kubwa la kahawia, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Jioni ile mama alijaribu kuibandua picha yenyewe kwenye kioo. Karatasi ilitoka nyeupe. Uso ulibaki kwenye kioo vipande vipande, na alipovipangusa kwa pindo la gomesi, gauni lake la Kiganda, vikawa vumbi.

"Msijali," kaka alituambia. "Nimemweka kwa mashine. Nitamtengeneza."

Ilichukua miezi. Kila jioni mama aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Sula ya baba yenu imefika wapi?"

"Niko kwa macho, mama."

"Leo?"

"Leo nilikuwa kwa shingo. Shati iko na michirizi."

"Wewe nitolee tu hivyo hivyo. Mimi namjua, hata na doa namjua."

"Bado, mama. Haijawa."

Mimi hakunionyesha. Mchana, Mzee akienda kula, kaka aliingia huko alikokuwa anaitengeneza. Mtu yeyote akisogea, hata mimi, alifunga picha, akaandika herufi tatu kwenye dirisha jeusi, na tayari yuko kwenye folda ya vyeti au ya kadi za harusi, anapiga mluzi. Programu ile ilimfikisha kwa baba haraka, na ilimtoa haraka vile vile.

Mvua za mwisho wa mwaka ziliposhuka, kaka aliugua. Alifikiri ni malaria, akanywa dawa za malaria, akaja kazini siku mbili akiwa amejikunja. Ilikuwa taifodi, na ilikuwa imetoboa utumbo. Walimpasua. Siku ya tatu baada ya kupasuliwa nilikwenda kumwona saa ya mchana, mama alikuwa amekwenda kununua maji ya kunywa. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nililowesha kitambaa nikampangusa, na nikapitisha kidole kwenye kovu dogo la mdomo wa juu upande wa kushoto, alilolipata alipoanguka kwenye mawe ya reli tukiwa watoto. Kovu hilo liliuvuta mdomo wake juu kidogo, kwa hiyo hata akinyamaza alionekana kama anataka kusema jambo la kuchekesha.

"Baba yuko kwa mashine," aliniambia. "Karibu nimalize."

"Utamaliza mwenyewe."

"Sikiliza, Mkenya. Kwa lile dirisha nyeusi. Z, uache nafasi, halafu sura."

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Z, nafasi, sura."

Aliniangalia kidogo, kama anataka kuongeza kitu. Mama akaingia na chupa za maji. Asubuhi yake akafa.

Tulimzika kaskazini, nyumbani kwa baba, kando ya kaburi la baba ambalo sikuwahi kuliona kabla ya siku ile. Ndugu za baba walizungumza na mama kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiacholi hajui, na wao Luganda hawajui. Bibi mmoja alimwuliza kama ana picha ya baba, ya kuweka pamoja na ya kijana. Mama akasema, "Iko Kampala. Huyu mtoto atatoa."

Nilirudi kazini nikakalishwa kwenye kiti cha kaka. Siku ya kwanza, Mzee alipokwenda kula, niliandika z, nikaacha nafasi, nikaandika sura. Nikabonyeza. Dirisha jeusi likanipeleka kwenye folda inayoitwa insurance.

Ndiyo folda ya fomu za bima, ambazo wenye pikipiki walikuja kuchapisha. Nilifikiri nimekosea. Nikarudia, ikanirudisha hapo hapo. Ilinichukua muda kuelewa. Programu haitaki jina zima, kipande kinaitosha, na ukiliandika neno insurance na kuliangalia herufi moja moja utaiona sura imelala katikati yake. Hakukuwa na sura nyingine ambayo programu iliijua. Nikafungua fomu zote za bima, moja moja, kwamba huenda alimficha baba humo. Hakuwemo.

Nikafikiri, basi imeshasahau. Kaka alikaa siku nyingi bila kwenda, na mimi kwa kazi zangu nimeweka njia nyingine juu ya njia yake. Wazo hilo lilinitesa. Mwanzoni, nikiandika herufi mbili tu, z ilinipeleka alikozoea kwenda yeye, si ninakotaka mimi. Nilifika kwenye kadi ya harusi aliyoiacha nusu, au kwenye barua ya mtu ambaye hakurudi kuichukua, na ilikuwa kama kutembea nimevaa viatu vyake. Lakini kila siku nilivyofanya kazi, programu ilinijua mimi zaidi na yeye kidogo zaidi. Baada ya miezi miwili ilikuwa inanipeleka ninakotaka. Kila nilipobonyeza nilimfuta. Ningeacha kubonyeza, ningeacha kazi, na mama anakula nini?

Tena kila nilipoandika sura na kupelekwa insurance, programu iliamini kwamba nimependa kwenda insurance. Ilifika mahali naandika s tu, inanipeleka bima.

Jioni mama alikuwa mlangoni.

"Leo umepata sula?"

"Bado, mama."

"Wewe nasoma shule miaka saba na nashindwa kuona baba yako."

"Mama, natafuta."

"Natafuta, natafuta. Kaka yako alikuwa naiona kila siku."

Hakusema kwa ubaya. Mtu aliyepoteza wawili na kubaki na mmoja, huyo mmoja ndiye anayelaumiwa, kwa sababu ndiye yupo.

Mwishowe nilimweleza Mzee. Nilijua amekataza mambo ya nyumbani kwenye mashine, nikajiandaa kufokewa. Alivua miwani.

"Miezi yote hiyo alikuwa akijificha kwangu? Kwa picha ya baba yake?"

"Ndiyo, Mzee."

"Angeniambia tu," alisema. Akageuka kuangalia mlango, akasema tena, "Angeniambia."

Tulitafuta pamoja. Alimwuliza mwanafunzi mmoja amri ya kutafuta jina kwenye mashine nzima. Tukaandika sura, ikatuletea insurance. Tukaandika baba, ikatuletea mahubiri ya mteja mmoja. Tukafungua folda za picha, lakini skana huzipa picha namba na si majina, na duka lilikuwa limepiga picha za vitambulisho za nusu ya hosteli za Wandegeya. Nikawa naangalia nyuso za watu wakati wa chakula, chache kila siku. Wote walikuwa na midomo.

Kisha Mzee akapata simu kwamba mama yake mzazi hawezi tena kusimama, na hakuna wa kumtunza. Aliamua kurudi kwao. Kompyuta na printa alimwuzia mtu wa duka jingine, ambaye alisema wazi kwamba atafuta kila kitu na kuweka mfumo anaoujua yeye. Angekuja kuzichukua Jumamosi mchana.

"Kwa nini usimwombe atuachie hii moja?" nilimwuliza Mzee. Hilo lilikuwa swali refu kuliko yote niliyowahi kumwuliza.

"Nimemwomba. Anasema amenunua vyote au aache vyote. Na mimi nauli yangu iko humo."

Ijumaa jioni nilimwambia mama kwamba kesho ndiyo mwisho. Nilitegemea atalia au atanikemea. Asubuhi nikamkuta amevaa gomesi ya kanisani, ile ya zambarau, amekaa kwenye kigoda ananingoja.

Hakuwa amewahi kufika dukani. Mzee alimpa kiti, akamwita mama, akamwomba radhi kwa vumbi la maboksi yaliyokwisha kufungwa. Mama aliiangalia kompyuta kama mtu anavyomwangalia mganga aliyesifiwa mno.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mkenya, hii mashine yako nakula watu?" alimwuliza Mzee.

"Haili watu, mama. Inawaficha tu."

"Haya. Fanya mimi naona," mama akaniambia mimi.

Nilikaa. Nikaandika z, nikaacha nafasi, nikaandika sura. Ikanipeleka insurance. Nikamweleza mama kilichotokea. Akasogeza kiti karibu.

"Kaka yako alisema nini hospitali?"

"Alisema niandike sura."

"Na wewe unaandika nini?"

"Sura."

"Hapana. Mimi nasikia unasema sura. Yeye alisema nini? Yeye alisema sula."

"Sura, mama," Mzee alisema taratibu, kwa mazoea tu, kama mtu anayeokota karatasi iliyoanguka.

"Hiyo ni yako wewe, Mkenya. Mtoto wangu halikuwa na hiyo. Mtoto wangu alikuwa nasema sula."

Hapo juu nimeandika kwamba kaka aliniambia sura. Nimeliandika nilivyolisikia. Lakini hakusema hivyo. Kaka hakuwa na r nyingine zaidi ya ile aliyoitunza ya siku ya harusi. Alilala pale na tumbo limepasuliwa, akaniambia sula, akanitaka niseme tena, nikasema sura, na akaniangalia. Nilikuwa nimeshamsahihisha kichwani kabla neno halijafika. Miezi yote ile nilikuwa nagonga kwenye mlango niliouandika mimi.

Niliandika z, nikaacha nafasi, nikaandika sula, na nikaogopa kubonyeza. Kama njia imeshasahaulika, ingesema hakuna. Mama akanigusa bega. Nikabonyeza.

Ikatupeleka. Ilikuwa ndani kabisa, chini ya folda ya kazi zilizokwisha, ambako hakuna mtu anayefungua. Humo kulikuwa na picha zimepangwa kwa namba, sula ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka thelathini na kitu, kila hatua aliyofikia ameiweka yake. Nilizifungua kwa mpangilio na mama akiangalia. Doa lilikuwa linapungua. Shingo ikatokea, kola ikatokea, michirizi ya shati ikaondoka, kidevu kikaanza kuonekana. Ilikuwa kama kumwona mtu anatoka majini polepole.

Ya mwisho ilikuwa nzima. Baba alisimama kando ya ua na kofia kwapani, hana doa, ananiangalia.

"Huyo," nilisema.

Mama aliinama mbele. Alinyoosha kidole karibu na kioo bila kukigusa, akapita kwenye macho, akapita kwenye pua, akafika mdomoni, akasimama.

"Macho ni yake," alisema. "Sikio ni yake. Hiyo kofia mimi ndiye nilikuwa nafua. Lakini mdomo si yake."

"Mama, ni kivuli."

"Baba yako mdomo yake ilikuwa imelala. Angalia hapo. Hiyo ni ya nani?"

Nikaikuza picha. Juu ya mdomo wa juu, upande wa kushoto, lilikuwepo kovu dogo, na mdomo ulikuwa umevutwa juu kidogo, kama wa mtu anayetaka kusema jambo la kuchekesha. Nikarudi kwenye folda. Mwishoni kabisa, baada ya sula zote, ilikuwepo picha ya kitambulisho ya kaka mwenyewe, aliyojipiga hapo hapo dukani mbele ya pazia la bluu. Katikati ya uso ilikuwa imekatwa kipande cha mstatili. Maji yalikuwa yameula mdomo wa baba, hakuna programu ingeweza kuurudisha, na kaka hakuwa na mdomo mwingine wa kutoa ila wake.

Ndiyo maana alikuwa akisema haijawa. Nadhani alitaka kuliondoa kovu. Labda alijua mama ataliona.

"Naweza kujaribu kulitoa," nilimwambia mama. Sikujua namna, lakini nilisema. "Hilo kovu. Ibaki ya baba peke yake."

"Usiguse."

"Lakini si baba hasa."

"Nimesema usiguse. Wote wako hapo."

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu, miwani mkononi. Printa ilikuwa tayari ndani ya boksi. Akalikata boksi kwa kisu, akaitoa, akaichomeka, akatafuta karatasi ile nzuri ya picha aliyokuwa ameiweka ya kwenda nayo. Kisha akamgeukia mama.

"Nikutolee sula ngapi, mama?"

Alilitamka hivyo hivyo, sula, mtu aliyetufundisha miaka yote. Mama hakuona ajabu, kwake neno hilo halikuwahi kuwa jingine.

"Mbili," alisema. "Moja yangu. Moja nitapeleka kaskazini, iwekwe kwao."

Alizichapa, akazipitisha kwenye mashine ya kupaka plastiki ili maji yasizipate tena, akamwekea mama kwenye bahasha ya kaki. Mama aliiweka bahasha mapajani, akaifunika kwa mikono miwili, na sasa ndipo akalia, kimya, bila kufuta machozi. Mzee alitoka nje akasimama barazani.

Nilihamisha picha zote kwenye flashi. Lakini ile orodha ya njia, ambamo programu huandika ulikokwenda na mara ngapi, sikujua inahamishwaje. Mwanafunzi mmoja alikuwa amewahi kunionyesha amri ya kuifungua tu. Nikaifungua. Juu kabisa ilikuwa insurance, kwa sababu yangu. Sula ilikuwa ya mwisho, na namba iliyo mbele yake ilikuwa imeshuka hadi karibu na moja. Ikishuka chini ya hapo, inaondolewa. Kaka alikuwa amekwenda kwa baba kila siku ya kazi, na mimi nilikuwa nimebakiza kama juma moja hivi kumaliza kuifuta njia yake.

Mwenye kuchukua mashine alikuwa bado hajafika. Niliandika z, nafasi, sula. Nikaingia. Nikatoka, nikaingia tena. Nilijua kwamba jioni ile ile itafutwa yote, na kwamba nilichokuwa nafanya hakina maana kwa mtu yeyote. Mama alikuwa kitini na bahasha yake, ananiangalia bila kuuliza. Nikaingia, nikatoka, nikaingia, na kila mara namba ilipanda. Gari liliposimama nje na Mzee akaniita nizime, nilifungua orodha mara moja ya mwisho. Sula ilikuwa ya kwanza. Nikazima.